Jina, Sura na Wafuasi: Wanamichezo wa Vyuo Vikuu vya Marekani katika Soko la Matangazo

Kwa zaidi ya karne moja, michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani iliendeshwa kwa kanuni ya ridhaa, yaani mwanafunzi alicheza bila ujira isipokuwa ufadhili wa masomo, ilhali vyuo, makocha na vituo vya televisheni vikineemeka kwa jasho lake. Kanuni hiyo, iliyosimamiwa na chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ilimfuata mchezaji hata nje ya uwanja: mwaka 2017 Donald De La Haye, mpigaji mikwaju wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya University of Central Florida, alipoteza sifa ya kucheza kwa kukataa masharti yaliyomzuia kuingiza fedha kwa video za YouTube zilizomwonyesha kama mwanamichezo.

Baada ya California kupitisha sheria ya kupinga kizuizi hicho mwaka 2019, na Mahakama ya Juu kuamua dhidi ya NCAA kwa kauli moja katika kesi ya Alston mwezi Juni 2021, chama hicho kilisalimu amri, na kuanzia tarehe 1 Julai 2021 mwanafunzi akaruhusiwa kuuza haki ya jina na sura yake. Siku hiyohiyo mapacha Haley na Hanna Cavinder, wachezaji wa mpira wa kikapu wa Fresno State, walitangaza mkataba na kampuni ya simu ya Boost Mobile. Chuo chao hakikuwa miongoni mwa vigogo wa mchezo huo. Kilichonunuliwa kilikuwa wafuasi wao wa TikTok. Hapo ndipo mwanamichezo anapogeuka mshawishi, yaani mtu anayelipwa kwa sababu watazamaji wake humwamini kuliko wanavyoliamini tangazo la kawaida, na ndiyo maana Olivia Dunne, mwanajimnastiki wa chuo kikuu cha LSU, aliweza kuwapita kimapato wanafutiboli wengi, jambo ambalo wanaolalamika kwamba soko hulipa urembo badala ya ustadi hawalitazami kwa haki, kwa kuwa bajeti za vyuo hazijawahi kuwapendelea wanawake.

Malalamiko yenye uzito zaidi ni ya wageni. Viza ya F-1, wanayopewa wanafunzi wa kigeni, wakiwamo wakimbiaji wengi kutoka Kenya, huwabana vikali katika kufanya kazi nje ya chuo, hivyo picha moja ya kiatu iliyolipiwa inaweza kuhatarisha ukaazi wao. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyetajwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2022, alilazimika kutekeleza kazi za mikataba yake Agosti mwaka huo huko Bahamas, timu yake ya chuo cha Kentucky ilipokwenda kucheza nje ya ardhi ya Marekani. Hata suluhu ya kesi dhidi ya NCAA iliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, inayoruhusu kila chuo kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja hadi takribani dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, haikubadili masharti hayo ya viza.