Bata Anapougua: Mazungumzo na Wakazi wa Kata ya Kimuli

(Haya ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa na ofisa wa Kitengo cha Mawasiliano Serikalini mbele ya wakazi wa Kata ya Kimuli. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Leo nimepewa nafasi ya kuzungumzia bata. Naona baadhi yenu mmetabasamu, na sishangai. Tumezoea kusimama hapa tukieleza habari za barabara, maji, zahanati na pembejeo za kahawa. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Kyerwa yupo bata, na aghalabu yupo mtoto anayemwita bata huyo kwa jina. Ng'ombe ni wa baba, kahawa ni ya familia, lakini bata ni wa mtoto. Anapougua, mwenye kulia ni mtoto, na mwenye kuamua ni mtu mzima ambaye mara nyingi hajui afanye nini. Mengi nitakayosema nimeyapata kwa maofisa mifugo wetu. Kazi yangu ni kuyafikisha kwenu kwa lugha ya kueleweka.

Tuanze na kumjua bata mwenyewe. Bata tulio nao wengi ni yule mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye dume lake halipigi kelele bali hutoa pumzi yenye mvumo kama mtu aliyekasirika. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na ni ndege mvumilivu kuliko kuku. Uvumilivu huo ndio unaotudanganya. Ndege, kwa maumbile yake, huficha ugonjwa ili asionekane dhaifu mbele ya adui. Kwa hiyo siku unayoona bata amejikunyata pembeni, manyoya yamevimba, shingo imerudi mwilini na wenzake wanakimbilia chakula bila yeye, huenda anaumwa tangu siku mbili au tatu zilizopita. Ishara nyingine ni kinyesi cha kijani au chenye damu, macho yenye ukoko, kuchechemea, kupumua kwa mdomo wazi, na mkia unaoning'inia.

Lakini si kila bata mnyamavu ni mgonjwa. Jike linaloatamia hula kidogo sana, hutoka mara moja kwa siku, na hufoka ukimkaribia, huyo mwache. Bata anayebadilisha manyoya naye hupoa na kujitenga, na yadi nzima hujaa manyoya hadi jirani adhani mmechinja. Nyakati hizo anachohitaji ni chakula kizuri na utulivu.

Yupo pia bata mwenye huzuni, na ninaomba msicheke. Bata ni ndege wa kundi. Akibaki peke yake baada ya mwenzake kuibwa, kuliwa na kicheche au kuchinjwa, huzunguka akitafuta, huacha kula, na wengine hukaa siku nzima mahali pale pale walipozoea kukaa wawili. Dawa ya dukani haipo. Dawa yake ni mwenzake. Mkimpatia mwenzi mgeni, msiwaachie pamoja papo hapo. Watenganisheni kwa uzio wa fito, waonane na kusikilizana kwa siku kadhaa, na mgeni akaguliwe afya kwanza. Naye dume moja katikati ya majike manne au matano linatosha. Madume mawili yakigombea jike mmoja, huyo jike ataparuzwa kichwa na mgongo hadi aonekane ana ugonjwa wa ngozi, kumbe anapigwa kila siku.

Sasa nije kwenye mambo yanayowaua bata wetu, na nitakaa zaidi kwenye chakula.

Mahindi yakiota ukungu ghalani, wengi wetu husema, "Haya hayafai kwa ugali, wapeni bata." Kauli hiyo inaonekana ya busara ya kubana matumizi, lakini ni hatari kubwa. Ukungu huo huweza kuzalisha sumukuvu, na miongoni mwa ndege wa kufugwa hakuna anayedhurika upesi kama kifaranga wa bata. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa ambao haukujulikana, na vifaranga wa bata walikufa pia. Uchunguzi ulipofuatwa hadi mwisho, chanzo kilikuwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Hapo ndipo wanasayansi walipoitambua sumu hii. Sisi wenyewe hatuko mbali nayo, kwani mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu kutokana na mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hushambulia ini, na haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo vifaranga wa bata wakianza kufa mfululizo bila jeraha wala homa ya kueleweka, chungulia gunia mlilolifungua wiki ile. Huenda gunia hilo ndilo linalotumika jikoni. Kwa maoni yangu, hili peke yake lingetosha kuwa sababu ya kikao cha leo.

Pumba tupu nazo hazitoshi. Kifaranga wa bata anahitaji niasini, ambayo ni moja ya vitamini, kwa kiasi kikubwa kuliko kifaranga wa kuku. Akiikosa, miguu hupinda, vifundo huvimba, na mwishowe hukaa tu chini. Watu husema amerogwa au amekanyagwa. Mchanganyie dagaa waliosagwa, pumba za ngano zikipatikana, na majani mabichi. Mwacheni pia atafute konokono na wadudu shambani, maana hiyo ndiyo kazi aliyoumbiwa. Miguu ikiwa imeanza kulegea jana, aghalabu hurudi; ikiwa imepinda mwezi mzima, haitanyooka.

Kuhusu maji, bata hahitaji ziwa. Anahitaji chombo chenye kina cha kutosha kuzamisha kichwa hadi machoni, kwa sababu hivyo ndivyo anavyosafisha pua na macho yake. Bata wengi wanaoletwa kwa maofisa mifugo wakiwa na macho yenye ukoko wamekuwa wakinyweshwa kwenye kisahani cha kuku. Beseni la kawaida linatosha, likibadilishwa maji kila siku. Vifaranga wawekewe mawe ndani ya chombo ili wasizame, hasa wale walioanguliwa na kuku. Najua wengi tunaweka mayai ya bata chini ya kuku. Si vibaya, ila mkumbuke kuwa yai la bata huyu huchukua siku zipatazo 35, ilhali kuku amezoea 21, na wengine huchoka na kuondoka. Tena kifaranga aliyelelewa na kuku hakupata mafuta ya manyoya ya mama bata, hivyo akilowa jioni ya mvua hufa kwa baridi usiku ule ule.

Yapo na maji yanayoua. Mtu ananyunyizia kahawa au mahindi dawa ya wadudu, kisha anaosha bomba lake kijitoni. Bata wa jirani wanashuka kuogelea, na jioni wanatetemeka na kutokwa ute mdomoni. Bomba lioshwe shambani, mbali na maji. Hata mzoga uliotupwa kwenye dimbwi huleta balaa: funza walioko juu yake hubeba sumu inayolegeza shingo ya bata, akashindwa kuinua kichwa, na akiwa majini huzama. Ukiona shingo imelegea kama kamba, mtoe bata majini mara moja, mweke kivulini, mpe maji safi kidogo kidogo, kisha utafute mzoga uko wapi.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bata humeza vitu vinavyong'aa. Baada ya kuezeka bati, okoteni misumari na vipande vya waya. Na msimbebe bata kwa miguu, kichwa chini, kama tunavyobeba kuku kwenda mnadani. Miguu yake ni dhaifu kuliko mwili wake. Mkumbatie, mabawa yakiwa yamebanwa ubavuni.

Bata akishaugua, mtenge kwenye tenga au chumba kikavu, penye joto na hewa, na matandazo makavu yasiyo na ukungu. Mpe maji kabla ya chakula. Ikiwa anaishi na wenzake, mweke mahali anapoweza kuwasikia, maana upweke humwongezea udhaifu. Halafu mtafute ofisa mifugo, na ukimpata mweleze mambo haya: wangapi wanaumwa na wangapi wamekufa, umri wao, walikula nini wiki hii, kinyesi kina rangi gani, na kama kuna ndege mgeni aliyeingia bandani. Maelezo hayo humsaidia kuliko kumwambia "bata wangu hali vizuri".

Ninachowaomba msikifanye ni kufungua kidonge cha rangi mbili na kummiminia bata mdomoni. Wengine hununua dawa ya kuku na kuikadiria kwa macho, bila kujua kuwa bata hunywa maji mengi kuliko kuku, na hivyo hupata dozi kubwa isiyokusudiwa. Dawa za namna hiyo haziui virusi. Hubaki kwenye nyama na mayai, na huwafundisha vimelea kuzoea dawa ambazo kesho zitahitajika kumtibu mtoto zahanati. Kila dawa halali ina muda wa kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Mwulizeni ofisa mifugo muda huo, nanyi muuheshimu.

Ipo desturi nyingine tunayoiita "kumwahi". Bata anadhoofika, basi tunamwahi kisu kabla hajafa, mboga isipotee. Naelewa uchungu wa kupoteza mboga. Lakini mwezi Januari 2017 wenzetu wa Uganda walithibitisha mafua makali ya ndege kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe. Yalianza kwa ndege wa porini, kisha bata na kuku wa kufugwa wakafa, ikiwemo upande wa Masaka, ambako kutoka Mutukula si safari ya siku nzima. Ndege wa porini hawasimami mpakani kugonga muhuri. Mto Kagera unaopita kwetu huingia ziwa hilo hilo, na mabwawa yake yamejaa bata mwitu. Aina moja ya mafua hayo, H5N1, imeua watu zaidi ya 400 duniani tangu mwaka 2003, wengi wao wakiwa watu waliochinja, kunyonyoa au kushika ndege wagonjwa. Tena bata anaweza kuvibeba virusi hivyo na kuonekana mzima kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa mdondo, unaomaliza kuku wa kijiji huku bata akipita katikati yao bila hata kukohoa. Ndiyo maana kuku wanaoishi na bata wasikose chanjo ya mdondo; ile inayostahimili joto, inayotengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari huko Kibaha, hudondoshwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Basi wakifa ndege kadhaa kwa mpigo, msile, msiuze, msigawe kwa jirani, wala msitupe mtoni. Toeni taarifa siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa kijiji au ofisa mifugo, kama Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inavyotaka. Msiwazike kabla ofisa hajaelekeza, kwa sababu huenda sampuli ikahitajika maabara. Akiruhusu, shimo liwe refu kiasi cha kuwashinda mbwa, na aliyewashika anawe kwa sabuni. Wapo wanaonyamaza wakihofia kuwa wataalamu watakuja kuua ndege wao wote. Mwenye kunyamaza huwaambukiza jirani zake kwanza, ndipo wataalamu waje.

Nimalizie na watoto, maana wapo hapa. Wazazi, bata mliyemkabidhi mtoto amlee msimchinje mgeni alipofika huku mtoto yuko shule. Mwambieni mapema kwamba bata huyu ni wa mboga, au mwambieni kwamba ni wake, kisha mshike neno lenu. Na bata akishindikana, akiwa anateseka, ofisa mifugo anaweza kuelekeza namna ya kumpumzisha bila mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tusimwache mnyama ateseke bila sababu, na bata yumo. Mtoto aelezwe ukweli kwa maneno mafupi. Asiambiwe bata amekwenda kutembea, kwa sababu ataendelea kuweka maji kwenye beseni kila asubuhi.

Ofisa mifugo wa kata yuko hapa nami, na ameahidi kupita kwenye mabanda ya watakaojiandikisha kwake leo. Naona yule binti wa mstari wa pili amenyoosha mkono tangu nilipotaja miguu iliyopinda. Karibu, mwanangu, uliza.