Mwanga Usiopakwa: "The Blue Rigi" ya J.M.W. Turner



Wanafunzi wetu wengi huanza na rangi za maji kwa sababu bei yake inabebeka, nasi huwafundisha kana kwamba ni njia tu ya kupitia kuelekea rangi za mafuta. Dharau hii ina umri. Mwaka 1804 wachoraji wa rangi za maji wa London waliunda chama chao, wakiwa wamechoka kuona kazi zao zikimezwa na picha kubwa za mafuta katika maonyesho ya Royal Academy. Naomba leo tuitazame picha moja ambayo, kwa maoni yangu, inaikata dharau hiyo: "The Blue Rigi", aliyoichora Joseph Mallord William Turner mwaka 1842. Ni karatasi ya sentimita 30 kwa 45 hivi.

Turner alizaliwa London mwaka 1775. Baba yake, kinyozi, alikuwa akitundika michoro ya mwanawe dukani na kuwauzia wateja. Alipofika Lucerne, Uswisi, mwaka 1841, Turner alikuwa na miaka 66 na jina kubwa, lakini bado alishinda akiutazama mlima mmoja tu ng'ambo ya ziwa, saa baada ya saa, kuona nuru inaufanya nini. Kutokana na kutazama huko zilizaliwa picha tatu za mlima Rigi: wa buluu, mwekundu na wa giza.

Katika ya buluu, jua bado halijachomoza. Mlima umesimama mbele ya anga inayoanza kupauka, Zuhura inang'aa juu, na chini bata wanaruka kwa kushtuliwa na mbwa. Sasa tuangalie mkono wa fundi. Mlima ule haukupakwa kwa mkupuo. Turner alitandaza buluu nyepesi, akaiacha ikauke, akatandaza nyingine juu yake, kisha akamalizia kwa vijistari vidogo vya brashi. Ndiyo maana una uzito lakini haukufa. Karatasi bado inapumua chini ya rangi. Weupe nao ni karatasi yenyewe. Mchoraji wa mafuta akitaka mwanga huuongeza mwishoni. Wa rangi za maji lazima ajue tangu mwanzo ni wapi hatagusa. Akishafunika, hana budi kukwangua, na Turner alikwangua sana. Waliomwona kazini walisimulia kwamba alifuga ukucha wa kidole gumba kwa shughuli hiyo. (Wakaguzi wetu wa usafi wangekuwa na la kusema.)

Tusidhani alikuwa akichora kwa kujifurahisha tu. Alimpelekea wakala wake, Thomas Griffith, michoro ya mfano ili wateja wachague ipi wamalizishiwe. Kwa mujibu wa mhakiki wa sanaa John Ruskin, Turner alitaka oda 10. Tisa zikapatikana, na picha ya kumi Griffith akaichukua kama kamisheni. Soko lilisita, maana wateja waliona mtindo umebadilika. "The Blue Rigi" ilinunuliwa na Elhanan Bicknell, mfanyabiashara wa mafuta ya nyangumi. Mwaka 2006 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 5.8, na mwaka 2007 jumba la sanaa la Tate likainunua kwa pauni milioni 4.95, baada ya wananchi kuchangishwa ili isiondoke Uingereza.

Bei hizo zisitupumbaze; funzo liko kwenye karatasi iliyoachwa wazi. Ninachotaka kulaumu ni mtaala wetu, unaompa mwanafunzi alama kwa kujaza karatasi. Nimeona kazi nzuri zikirudishwa na maneno "haijakamilika" kwa sababu anga iliachwa nyeupe.

Kwa zoezi la mchana, kila mshiriki atapewa karatasi nzito moja na rangi moja tu, buluu. Chupa ya rangi nyeupe itabaki mezani kwangu, imefungwa.