Jembe la Barabara: Tuangalie Chuma, Si Rangi



Kila masika huku Karagita tunashika majembe, tunazibua mitaro na kujaza mashimo, maana barabara ikikatika mgonjwa hafiki hospitali. Lakini jamani, mbona majembe yetu yanaisha makali upesi hivi?

Sababu ni udongo wetu wa volkano. Upande wa Olkaria kuna obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Jiwe hilo ni gumu kuliko chuma laini, basi linakisaga. Chuma laini kina kaboni kama asilimia 0.2 tu, hata ukichome na kukizamisha, hakiwi kigumu vya kutosha. Springi ya gari ina kama asilimia 0.6, nayo hukubali ugumu.

Kwa hiyo tumwombe fundi wa jua kali atutengenezee jembe la springi. Akishalizamisha kwenye oili, alirudishe kwenye moto wa kiasi. Asipofanya hivyo, jembe litavunjika likigonga jiwe. Hata nchi za theluji wanaokwangua barafu barabarani wana shida hiyohiyo: chuma laini huisha, kigumu mno hupasuka.

Kabla ya kununua, tupitishe tupa kwenye makali:
- Ikila kwa urahisi, chuma ni laini.
- Ikiteleza kabisa, ni kigumu mno.
- Ikikwaruza kwa shida, hilo ndilo jembe letu.

Akina mama na akina baba, hizo pesa ni michango yetu. Mweka hazina asitoe hata shilingi kabla tupa haijapita.