Nduru ya Jirani: Nani Atoke, Nani Alipe?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kakamega)



Sisi mmezoea kutuona tukileta habari za mbegu, visima, ng'ombe wa maziwa na namna ya kuandika kitabu cha hesabu. Leo tutazungumza juu ya jeshi. Msishangae. Ninyi wenyewe ndio mliotuuliza: watoto wetu walioandikwa jeshini wanapelekwa Somalia, wengine wamepelekwa Kongo, na nchi hizo si zetu. Nani aliwaita? Nani analipa? Na mtoto asiporudi, nani anatoa hesabu? Tumeona kwamba hili ni jambo la maendeleo kama mengine, maana kuna maboma mengi hapa ambayo karo, mbolea na dawa ya nyanya vyote vinatoka kwa mshahara wa askari mmoja.

Hebu tuanze na kile tunachokijua. Nduru ikilia usiku, hakuna anayeuliza mwenye boma ni wa ukoo gani. Mnatoka, huyu na rungu, huyu na tochi, na liguru yuko mbele. Si huruma peke yake inayowatoa kitandani. Mwizi aliyefaulu kwa jirani leo, kesho yuko kwako. Na yule anayebaki amejifunika blanketi anajulikana kijiji kizima.

Nchi nazo hufungana hivyo hivyo. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini wako na umoja wao unaoitwa NATO, ulioanza mwaka 1949, na sasa una nchi 32. Kifungu chao cha tano chasema akishambuliwa mmoja ni kama wameshambuliwa wote. Kimetumiwa mara moja tu, baada ya Marekani kushambuliwa Septemba 11, 2001. Na hao ni matajiri, lakini wanachogombania sana ni mchango! Mwaka 2014 waliahidiana kwamba kila nchi itafika asilimia 2 ya pato lake kwa ulinzi katika miaka kumi. Muda ukaisha, wengine hawajafika. Mwezi wa Juni 2025, mjini The Hague, wakapandisha ahadi hadi asilimia 5 ifikapo 2035. Tunataja haya ili msidhani shida ya wasiolipa iko katika chama chenu peke yake.

Sasa turudi kwetu. Wazee hapa wanakumbuka Oktoba 1978, askari wa Idi Amin walipovuka na kuichukua sehemu ya Kagera, Tanzania. Umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule haukumkemea Amin. Libya ikamtumia Amin askari. Msumbiji ilituma kikosi kumsaidia Mwalimu Nyerere, lakini mzigo wenyewe ulibaki kwa Watanzania. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Mwalimu aliwaambia watu wake wafunge mkanda miezi 18. Waliozungumza na Watanzania wa miaka ile wanajua kwamba miezi 18 ilipita, na mkanda haukulegea. Waganda walimwondoa Amin kwa msaada wa jirani, na jirani akabaki na deni karibu peke yake.

Kwa hiyo watu wakasema, tufanye kwa pamoja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, una kifungu cha kushirikiana katika ulinzi. Umoja wa Afrika nao una baraza lake la amani na usalama. Kwa karatasi, mambo ni mazuri. Lakini tuangalie Somalia, maana huko ndiko tulikojifunza kwa uchungu.

Mwanzoni mwa 2007 Umoja wa Afrika ulikubali kupeleka askari 8,000 Mogadishu, kikosi kilichoitwa AMISOM. Katika mkutano mikono mingi iliinuka. Uganda ikaenda, mwezi wa Machi. Nigeria, Ghana na Malawi nazo zilikuwa zimesema zitaleta vikosi. Uganda ikangoja. Burundi ikafika mwisho wa mwaka. Wale wengine, vikosi vyao vilivyoahidiwa havikuonekana. Si mnaijua mikutano ya namna hiyo? Kila mtu anaahidi mabati ya kujenga nyumba ya mjane, siku ya kujenga mnaona watu wawili na nyundo moja.

Kenya iliingia kwa njia nyingine. Watalii na wafanyakazi wa misaada walikuwa wametekwa, na Oktoba 2011 jeshi letu likavuka mpaka katika kazi iliyoitwa Linda Nchi. Bunge liliidhinisha kujiunga na AMISOM Desemba mwaka huo, watoto wakiwa tayari ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2012 wakawa rasmi chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na kabla ya mwaka kuisha Kismayo ilikuwa imechukuliwa.

Na mchango je? Hapa sikilizeni vizuri. Damu ilikuwa ya Uganda, Burundi, Kenya, Ethiopia na Djibouti, na kwa muda Sierra Leone. Posho ya askari, dola 1,028 kwa mwezi kwa kila mtu, ililipwa na Umoja wa Ulaya. Chakula, mafuta na mahema vilipitia Umoja wa Mataifa. Basi mwaka 2016 Ulaya ikapunguza pesa hizo kwa asilimia 20. Mwenye kulipa akiamua, utamwambia nini? Helikopta nazo ziliidhinishwa na Baraza la Usalama Februari 2012, ila kuidhinisha si kuleta. Agosti mwaka huo Uganda ikatoa za kwake, na tatu zikaanguka Mlima Kenya zikielekea Somalia. Miaka ikapita askari wako vituoni mbali, bila helikopta za kutosha za kuwasaidia wanaposhambuliwa.

Tunakuja El Adde. Alfajiri ya Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya askari wetu huko Gedo. Wengi wao walitoka kikosi chenye makao Eldoret, na Eldoret si mbali na hapa. Kambi ikashindwa. Miili mingine ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya damu ya jamaa. Mwezi ule ule kukawa na ibada ya kumbukumbu Eldoret, na marais watatu walikuwepo: wa Kenya, wa Nigeria na wa Somalia. Baadaye Rais wa Somalia akasema waliokufa walikaribia 200. Jeshi letu likakana. Lakini serikali yenyewe haikutoa hesabu kamili. Mwaka mmoja baadaye, Januari 27, 2017, ikawa Kulbiyow, na tena hesabu za pande mbili hazikukutana.

Sisi tunasema wazi: hili si sawa. Katika vikundi vyenu, mama akitoa shilingi hamsini za matanga anaandikiwa, na mwisho wa mwezi kitabu kinasomwa mbele ya wote. Yeye aliyetoa mtoto, kitabu chake kiko wapi? Tunajua jeshi lina siri zake, na adui anasikiliza. Lakini idadi ya waliozikwa si siri ya vita. Adui anaijua. Asiyeijua ni jirani wa marehemu.

Wengine mnasema, basi watoto warudi, Wasomali wajilinde. Hatuwezi kulikubali hilo haraka. Mwaka 2013 watu 67 waliuawa Westgate, Nairobi. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliotoka pande mbalimbali za nchi. Kuna wanaosema hayo yalikuja kwa sababu tulienda, na wengine wanasema tusingeenda yangekuwa mengi zaidi. Hata hapa ofisini hatukukubaliana. Tunalokubaliana ni kwamba moto wa jirani hauulizi mpaka, na kwamba anayekwenda kuuzima anastahili kujua mwenye ndoo ni nani.

Na mwenye ndoo bado anatafutwa. AMISOM ikaisha, Aprili 2022 ikaja ATMIS, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM. Majina yanabadilika, lakini suala la nani atalipa limekaa pale pale. Burundi, iliyokuwa ya pili kufika mwaka 2007, haikuingia katika kikosi hiki kipya.

Kuhusu Kongo tutasema kidogo, ingawa funzo lake ni kali. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huo huo ikapiga nduru kwa sababu ya waasi wa M23. Novemba askari wa Kenya, zaidi ya 900, wakaanza kufika Goma. Safari hii hakukuwa na Mzungu wa kulipa: kila nchi ilibeba watu wake, na kwa Kenya Bunge liliambiwa ni kama shilingi bilioni 4.4 kwa miezi sita. Shida ikawa nyingine. Kongo ilitaka wageni wapigane na M23. Wageni wakasema wamekuja kusimama katikati wakati watu wanazungumza. Tena Kongo ilisema anayewasaidia waasi ni Rwanda, mwanachama wa Jumuiya hiyo hiyo. Rwanda ilikana, ingawa wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba msaada huo upo. Hebu fikirini: mwenye boma analia ameibiwa, na anayemnyoshea kidole yumo humo humo katika kundi la zamu. Mtalinda namna gani?

Wakazi wa Goma wakaandamana kulipinga jeshi lililokuja kuwasaidia. Kamanda Mkenya akaacha kazi Aprili 2023, akisema maisha yake yalitishwa. Desemba Kongo ikakataa kuongeza muda, askari wakarudi. Wakaingia wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, chini ya SADC. Goma ilianguka Januari 2025, askari zaidi ya kumi wa Afrika Kusini wakafa, na Machi SADC nayo ikamaliza kazi yake. Maana yake, hata pesa ikiwepo, kama mwenye boma na waliotoka hawakuelewana kazi ni ipi, mnasumbuana bure.

Sasa, sisi wa vijijini tufanye nini? Tuna mlango mmoja. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 240, yasema majeshi yatapelekwa nje kwa kibali cha Bunge. Bunge ni nani? Ni huyu mnayemwona kwenye harambee. Akija safari ijayo, kabla hajahesabu noti zake, mwulizeni: mlipopiga kura watoto waende, mliambiwa kazi ni nini, nani anaamuru, nani analipa, na itaisha lini? Akisema hajui, aandikiwe barua, na sahihi za kikundi chote ziwepo.

Jambo la pili ni la nyumbani, na tafadhali msiliahirishe. Mwenye mtoto jeshini amwulize akija likizo: katika karatasi zako za kazi, ndugu wa karibu ulimwandika nani? Mara nyingi kijana aliandikwa kuruta akiwa bila mke, akaandika mama. Baadaye ameoa, ana watoto, karatasi haikubadilishwa. Siku mbaya ikifika, mama mkwe na mjane wanakutana kortini, na pesa inakaa miaka huku watoto wamefukuzwa shule kwa karo. Mengine yote tuliyosema yanahitaji wakubwa. Hili linahitaji kalamu na nusu siku. Mke awe na nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na namba ya kazi ya mumewe iandikwe mahali ambapo panya hawafiki.

Vikundi vitakavyoandika barua kwa wabunge, leteni nakala ofisini kwetu kabla ya mkutano ujao. Asiyejua kuandika aje na mtu wa kumsaidia, au aje tu, tutaandika pamoja.