Barabara mpya, moshi ule ule: tuulize mbele simenti haijamwagwa



Leo hatukuja kusema juu ya uchaguzi. Tumekuja kusema juu ya hewa tunayopumua na kelele zinazotunyima usingizi. Wengine watacheka: "Nchi iko na vita, vijana hawana kazi, na ninyi munahangaika na moshi?" Ndiyo, na ni sisi hasa inatuhusu. Sisi wenye lisansi na bila kazi, siku tunaipitisha wapi? Pembeni ya barabara. Tunauza unite za simu, tunabadilisha feza, tunaendesha moto. Mukubwa anapita, vioo vimefungwa, klima inawaka. Sisi na bamama wa soko tunabaki na vumbi.

Kila mara tunaahidiwa barabara za kisasa. Kule Kinshasa, mwaka 2019, programu ya siku 100 ya rais ilianzisha saut-de-mouton kwenye makutano kadhaa ya barabara. Siku 100 zikapita, kazi haikuisha. Wakati ule wote magari yalijipanga pembeni ya mabati ya shantie, injini zikiwaka, na raiya akapumua.

Tusikilizane vizuri: hatupingi barabara. Tunasema tu kwamba daraja au handaki haviondoi moshi, vinauhamisha. Kamyo yenye muzigo ikipanda daraja, injini inakaza, moshi na kelele vinazidi. Na kelele ya juu inafika mbali, kwa sababu hakuna ukuta wa kuizuia. Ndani ya handaki moshi unakusanyika, feni kubwa zinausukuma mpaka mulangoni au kwenye bomba refu, na pale njo unatokea. Basi swali ni hili: unatokea karibu na nyumba ya nani?

Muangalie Sydney, Australia, nchi yenye feza. Tarehe 26 Novemba 2023 walifungua Rozelle Interchange, makutano ya mahandaki chini ya muji. Mabomba yake ya moshi hayana vichujio, hata kama wakaaji walisha kuviomba. Serikali ilisema bomba refu linatosha kutawanya moshi. Handaki lilipofunguliwa tu, magari yakakwama kwenye barabara za juu. Wakaaji walilalamika, na bunge la jimbo likafungua uchunguzi. Kama kule iko vile, sisi huku tutanyamaza?

Hapa kwetu, kamyo za shaba na kobalti zinatoka Kolwezi na Likasi, zinapita Lubumbashi kwenda Kasumbalesa. Moshi wa dizeli, tangu mwaka 2012, shirika la utafiti wa kansa la OMS liliuweka kati ya vitu vinavyoletea binadamu kansa. Juu ya kelele, mwaka 2018 ofisi ya OMS ya Ulaya ilishauri kelele za magari zisipite desibeli 53 kwa wastani wa siku nzima, na 45 usiku. Wewe, kwenye kartie yako, ulisha kuona mutu anakuja na chombo cha kupima?

Na sheria tuko nayo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mutu ana haki ya mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka utafiti wa athari ufanywe mbele ya kazi kubwa, na raiya aulizwe kwanza.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne:

1. Utafiti wa kila shantie kubwa uwekwe wazi, na kwa Kiswahili pia, siyo Kifaransa cha ofisini tu.
2. Hewa na kelele vipimwe mbele ya kazi na kisha kazi.
3. Kamyo nzito zipangiwe saa na njia, mbali na masomo na hospitali.
4. Bamama wanaouza pembeni ya barabara wasifukuzwe na polisi. Watengenezewe kwanza mahali pa kuuzia.

Sisi wenyewe tuanze leo. Kila komine, vijana watano: muhesabu kamyo kwa saa moja asubuhi na saa moja magaribi, siku saba mufululizo. Muandike tarehe, saa na mahali. Kisha tupeleke barua komine, na nakala yetu irudi na muhuri. Bila muhuri, kesho watasema hawajapokea kitu. Wakinyamaza, kifungu cha 26 kinaturuhusu kuandamana kwa amani. Tutawaarifu kwa maandishi, na tutatoka.

Diplome haijatupa kazi, lakini ilitufundisha kuhesabu na kuandika. Tuitumie kwa hii.