Mkanda wafungwa Washington, njaa yauma Iringa na Mbeya

Vijana wenzangu wa Mwanjelwa, Kabwe na Soweto. Wenzangu wa Mashine Tatu, Mlandege na Ipogolo! Leo tuache kidogo siasa za majukwaani tuzungumze hesabu. Usikunje uso, ndugu yangu. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Kila anayepeleka hesabu kwa tajiri wa daladala jioni anaijua: ukitumia kuliko unachoingiza, lazima ukope. Serikali nayo ni hivyo hivyo. Pengo hilo wataalamu wanaliita nakisi ya bajeti.

Sasa itazame Marekani, tajiri wa matajiri. Katika mwaka wa fedha ulioisha Septemba 30, 2025, serikali yake ilikusanya dola trilioni 5.2, ikatumia trilioni 7. Pengo ni karibu trilioni 1.8. Tuiweke kwa lugha ya sokoni: katika kila shilingi 100 ilizotumia, 25 zilikuwa za mkopo, na kama 14 zilikwenda kulipa riba ya madeni ya zamani. Mara ya mwisho serikali hiyo kubaki na ziada ilikuwa kati ya 1998 na 2001.

Oktoba 2024 tajiri Elon Musk alitamba kwamba matumizi yanaweza kupunguzwa kwa dola trilioni 2. Januari 20, 2025, siku ile ile alipoapishwa, Rais Donald Trump akatia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Panga likaangukia USAID, shirika lililoanzishwa mwaka 1961. Julai 1, 2025 likafungwa.

Je, misaada yote ya nje ilikuwa shilingi ngapi katika zile 100? Kama shilingi moja tu! Mtu amezama kwenye madeni hadi shingoni, kisha anasema anabana matumizi kwa kumnyima jirani kikombe cha uji. Na matokeo? Matumizi ya mwaka 2025 yalizidi ya 2024. Julai 4, 2025 Trump akatia saini sheria ya kupunguza kodi, ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge lao lenyewe imekadiria kuwa itaongeza nakisi kwa zaidi ya trilioni 3 katika miaka kumi. Pengo liko pale pale.

Utaniuliza: hayo yanamhusu nini mpiga debe wa Kabwe? Yanakuhusu sana. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 4.4 nchini kote. Njombe ni 12.7. Iringa 11.1. Mbeya 9.6. Hapa ndipo kwenye kitovu cha balaa. Na tangu mpango wa PEPFAR ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, sehemu kubwa ya vita hii imeendeshwa kwa fedha za Mmarekani.

Amri ya Januari ilipotoka, miradi ilisimama ghafla. Baadaye dawa za kuokoa maisha ziliruhusiwa kuendelea. Lakini dawa haitembei yenyewe. Nani atampima kijana? Nani atamfuata dereva wa lori aliyekosa kliniki akiwa njiani kati ya Makambako na Tunduma? Kazi hizo zilifanywa na watumishi wa mikataba ya miradi, na mikataba ilivunjwa. Anayemeza dawa vizuri, virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, haambukizi mwenzake kwa ngono. Akiacha, virusi vinarudi, na vinaweza kuwa sugu.

Sasa nasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Tusimlaumu Mmarekani peke yake. Fedha ni yake. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Swali ni hili: sisi tulikuwa wapi miaka yote zaidi ya 20?

Kufunga mkanda si jambo geni kwetu. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tukakubaliana na IMF, na mwaka 1993 kuchangia gharama kukaingia hospitalini. Kila mara mkanda ulifungwa kiunoni mwa kabwela. Vigogo walibaki na vitambi vyao. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi huko Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo serikali yetu bado haiitimizi.

Juni 2025 bajeti ya shilingi trilioni 56.49 ilisomwa Dodoma, ikiwa na tozo mpya za kuchangia Mfuko wa UKIMWI na Bima ya Afya kwa Wote. Kujitegemea ni vizuri, tunakubali. Lakini mbona kila wakitafuta fedha wanaanza na mfuko wa mlalahoi? Mashangingi, misafara na posho za vikao, hayo hayana nakisi?

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu, wewe unayesoma ukiwa kijiweni. Kwanza, nenda kapime. Wanaume ndio tunaokwepa zaidi, halafu tunajiita majasiri. Kama tayari unatumia dawa, usiruke hata siku moja. Pili, nenda kwenye mkutano wa mtaa na kwenye baraza la madiwani. Muulize diwani wako: halmashauri imetenga kiasi gani kwa ajili ya watumishi wa kliniki walioondolewa? Dai jibu la tarakimu, usikubali hadithi. Tatu, mgombea yeyote atakayekuja kuomba kura, hata wa chama chetu, mbane kwa swali hilo hilo.

Mfadhili amefunga mfuko wake. Tusikae tukimsubiri abadili mawazo. Mfuko wetu tunao, na unajazwa na jasho letu. Tudai kujua unakwenda wapi.