Meno Yako ni Kitambulisho Chako

  Popote ulipo, jikoni, kibandani, shambani au ndani ya matatu, ongeza sauti kidogo tuwe pamoja. Mara nyingi katika kipindi hiki tunazungumza juu ya meno yanayouma. Leo nataka tuzungumze juu ya meno yanayosema wakati mwenyewe hawezi tena kusema.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja aliingia katika kliniki nilikokuwa nikifanya kazi. Hakuwa na maumivu ya jino. Mkononi alishika kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne, nayo ilikuwa na jina la mwanawe. Gari alilopanda kijana huyo lilikuwa limepata ajali usiku na kuwaka moto. Mama alikuwa ametoka mochari, ambako alionyeshwa miili kadhaa, na hakuweza kusema ni upi wake. Akaniambia, "Daktari, huyu mtoto wangu mlimtibu hapa. Nisaidie nimjue."

Tulifungua kabati la faili. Tulimpata. Gego moja la chini upande wa kushoto lilikuwa limeng'olewa, na gego jingine la juu upande wa kulia lilikuwa limezibwa. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ndogo ya eksirei. Tuliipeleka faili hiyo kwa waliokuwa wakifanya uchunguzi, nao wakalinganisha. Mama yule alimzika mwanawe, si mtoto wa mwenzake. Familia nyingine ambazo hazikuwa na kadi wala faili zilirudi mochari wiki baada ya wiki, zikingoja majibu ya DNA.

Msikilizaji, tangu siku hiyo sijawahi kuiona faili ya mgonjwa kama karatasi tu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata meno ni mali, nayo yanahitaji daftari.

Sasa huenda unajiuliza, kwa nini meno? Kwanza, meno ni magumu. Gamba la nje la jino ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika mwili wa binadamu. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Ngozi huungua na alama za vidole hupotea, lakini meno, hasa magego yaliyofunikwa na mashavu na ulimi, mara nyingi hubaki. Hubaki baada ya moto, baada ya maji, na baada ya miaka mingi ardhini. Hata ndani ya kiini cha jino, wataalamu wanaweza kupata chembechembe za DNA zilizohifadhiwa kama mbegu ndani ya kokwa.

Pili, hakuna vinywa viwili vinavyofanana kabisa. Mtu mzima ana meno 32 akiwa nayo yote. Kila jino lina pande tano zinazochunguzwa. Mmoja ana mwanya, mwingine ana chonge lililokaa juu ya wenzake, mwingine amezibwa mawili na kung'olewa matatu. Hapa kwetu Kenya kuna alama zaidi. Wapo waliokulia sehemu za Bonde la Ufa ambako maji yana madini mengi ya floridi, na meno yao yana rangi ya kahawia. Wapo wazee wa jamii kama Waluo na Wamaasai waliong'olewa meno ya mbele ya chini kwa kufuata mila. Alama kama hizo peke yake hazitoshi kumtaja mtu kwa jina, kwa sababu wengi wanazo. Lakini zinapunguza orodha ya wanaotafutwa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Daktari wa meno aliyefunzwa mambo ya mahakama huchunguza kinywa cha marehemu jino kwa jino. Huandika lipi lipo, lipi halipo, lipi limezibwa na kwa kitu gani, kisha hupiga eksirei. Baadaye huchukua rekodi ya mtu anayetafutwa, ile iliyoandikwa alipokuwa hai, na kuziweka pamoja. Anatafuta yanayofanana, na pia anatafuta jambo lisilowezekana. Kwa mfano, jino lililong'olewa mwaka wa 2015 haliwezi kuwapo kinywani mwaka wa 2020. Likiwapo, huyo si yeye. Lakini jino lililokuwa zima likikutwa limezibwa, hilo linaeleweka; huenda alitibiwa kwingine baadaye.

Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, linahesabu njia kuu tatu za kumtambua marehemu katika msiba mkubwa: alama za vidole, meno na DNA. Sikiliza vizuri, ndugu yangu: nguo haimo. Saa haimo. Simu haimo. Watu huazimana makoti, na simu huokotwa. Hata uso tunaoupenda hubadilika sana baada ya kifo, na mtu mwenye majonzi anaweza kukubali mwili usio wake ili tu asubuhi ile mbaya iishe. Ndipo jamaa wawili wanapokosewa kwa mara moja: huyu anazika mgeni, na yule anabaki bila wa kuzika.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka wa 1897, huko Paris, Ufaransa, moto uliteketeza jumba la maonyesho ya hisani na kuua zaidi ya watu 120. Miongoni mwao alikuwa mke wa Duke wa Alençon, dada yake malkia wa Austria. Mwili wake haukutambulika, mpaka daktari wake wa meno alipoitwa akatambua kazi ya mikono yake mwenyewe. Baada ya gharika ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, wataalamu wa nchi nyingi walikwenda Thailand, ambako maelfu walikuwa wamekufa. Watalii wengi kutoka Ulaya walitambuliwa kwa meno, kwa sababu nyumbani kwao kulikuwa na faili na picha za eksirei zilizoweza kutumwa mara moja.

Na sisi je? Mwishoni mwa Januari 2009, huko Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka mafuta, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki, na wengi waliochomeka kiasi cha kutotambulika walizikwa katika kaburi la pamoja. Septemba 2024, moto katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, uliua wavulana 21, na wazazi walilazimika kungoja vipimo vya DNA kabla ya kuwazika watoto wao. DNA ni njia nzuri na ya kuaminika, lakini inahitaji maabara, fedha na muda. Meno yanaweza kusema mapema zaidi, ila kwa sharti moja: lazima kuwe na kitu cha kulinganisha nacho. Wengi wetu humwona daktari wa meno siku moja tu, siku ya kung'oa, halafu kadi tunaitupa njiani.

Huenda ukasema, "Daktari, aliyekufa amekufa. Kutambuliwa kuna faida gani?" Faida ni kubwa kwa waliobaki. Bila kumtambua marehemu, cheti cha kifo hakipatikani kwa urahisi. Bila cheti, mjane hawezi kufuatilia mirathi, akaunti ya benki wala malipo ya bima. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya Kenya, mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kuwa na habari zake ndipo huchukuliwa kuwa amekufa. Miaka 7, msikilizaji! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza amemaliza shule ya msingi, na mamake bado hajui kama yeye ni mke au mjane.

Meno hayawasemei wafu peke yao. Yanawasemea walio hai pia, hasa watoto. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 inapima adhabu ya kumnajisi mtoto kwa umri wa mtoto huyo. Akiwa na miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Akiwa na miaka 12 hadi 15, ni kifungo kisichopungua miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, ni kisichopungua miaka 15. Kwa hivyo umri lazima uthibitishwe mahakamani. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, mahakama inaweza kupokea ushahidi wa mzazi au wa daktari, na mara nyingi daktari anayeulizwa ni wa meno.

Meno huota kwa ratiba. Gego la kwanza la kudumu hutokea mtoto akiwa na miaka karibu 6, la pili akiwa na miaka karibu 12, na la mwisho kuanzia miaka 17 hivi, ingawa kwa wengine huchelewa au halitoki kabisa. Eksirei huonyesha pia mizizi imekua kiasi gani. Lakini jambo hili ni la kukadiria. Daktari mwaminifu hatasema mtoto alizaliwa Jumanne tarehe fulani. Atasema umri wake ni kati ya miaka hii na hii. Ndiyo maana nakusihi, mzazi, usimwachie daktari kazi ya cheti cha kuzaliwa. Mwandikishe mtoto mapema.

Hapa kuna onyo, na ni la kweli kabisa. Kulinganisha meno ya marehemu na rekodi zake ni jambo moja. Kulinganisha alama ya kuumwa kwenye ngozi na meno ya mshukiwa ni jambo lingine, na si la kutegemewa. Ngozi huvutika, huvimba na kubadilika. Huko Arizona, Marekani, Ray Krone alihukumiwa kifo mwaka wa 1992 kwa mauaji, ushahidi mkubwa ukiwa alama ya meno. Aliachiliwa mwaka wa 2002, baada ya DNA kuonyesha kwamba mhusika alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka 10. Mwaka wa 2009, Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti iliyotilia shaka msingi wa kisayansi wa ushahidi wa namna hiyo. Kwa hivyo, mtu asije akakuambia kwamba alama ya meno pekee inatosha kumfunga jirani yako.

Hata hivyo, ukiumwa na mtu katika shambulio, usipuuze. Kabla ya kuoga au kubadilisha nguo, nenda hospitali upesi. Mate yaliyobaki kwenye jeraha yanaweza kuwa na DNA ya mshambulizi. Mwambie daktari achukue sampuli kabla ya kulisafisha, na apige picha ya jeraha. Kinywa cha binadamu kina vijidudu vingi, kwa hivyo jeraha la meno linahitaji matibabu siku hiyohiyo. Ikiwa ulibakwa, fika hospitali kabla ya saa 72 kwisha ili upewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Ukifika mapema zaidi ni bora. Kisha upige ripoti kwa polisi na ujaziwe fomu ya P3. Ukifikia hospitali kwanza kabla ya polisi, hujakosea. Maisha yako ni ya kwanza.

Sasa tufanye nini nyumbani? Chukua kalamu, au mwite kijana aliye karibu akuandikie.

Kwanza, muone daktari wa meno ukiwa mzima, na umwombe aandike hali ya meno yote, si lile linalouma tu.

Pili, weka kadi na picha za eksirei pamoja na vyeti vyenu muhimu, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani ni kliniki gani mnakotibiwa.

Tatu, kama nyumbani kuna mzee mwenye meno ya bandia, mwombe fundi ayaandike jina ndani. Ni kazi ndogo, na inasaidia hata wodini yasichanganywe na ya mgonjwa mwingine.

Nne, piga picha za familia mkicheka, meno yakionekana. Kwa mtu asiye na faili popote, picha ya tabasamu imeweza kuwasaidia wachunguzi.

Tano, msiba ukitokea, usilazimishwe na haraka wala na aibu kukubali mwili ambao huna hakika nao. Una haki ya kuuliza: ametambuliwa kwa njia gani?

Na ninyi madaktari na wauguzi wenzangu mnaonisikiliza, tuandike vizuri. Maneno "jino limeng'olewa" hayatoshi. Jino lipi? Upande upi? Tarehe gani? Mstari mmoja ulioandikwa kwa makini leo unaweza kumpa mama mmoja kaburi la mwanawe kesho.

Mpendwa msikilizaji, sikutaka kukutia hofu. Nakutakia umri mrefu, ule mahindi ya kuchoma kwa meno yako mwenyewe hadi uzeeni. Lakini anayeyatunza meno yake na kuweka rekodi zake amejisaidia mara mbili: ana afya leo, na ameacha neno la kweli kwa ajili ya watu wake. Kabla ya kulala usiku wa leo, piga mswaki, kisha uulize nyumbani: kadi zetu za kliniki ziko wapi?

Hadi tutakapokutana tena hewani, kwaheri.